Demokrasia, Tasawufi na Umbo la Shairi: Whitman Mbele ya Washairi wa Nairobi

Katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970 na 1980, wazo moja lilirudiwa mara nyingi hata likawa kama jambo lisilohitaji ushahidi: kwamba shairi lililovua vina na mizani ni shairi la umma, na kwamba shairi la arudhi ni mabaki ya ukabaila. Mtu ambaye kazi yake yaonekana kulithibitisha wazo hili kuliko ya mwingine yeyote ni Mmarekani Walt Whitman (1819-1892), aliyeacha vina vya Kiingereza makusudi na kujitangaza kuwa mshairi wa demokrasia. Makala haya yanakusudia kulipima wazo hilo kwa kumweka Whitman mbele ya kazi kadhaa zilizochapishwa Nairobi kati ya 1966 na 1977, hasa za Okot p'Bitek na Abdilatif Abdalla. Dai lake ni kuwa demokrasia ya Whitman haikukaa katika kukosa vina. Ilikaa katika imani ya kitasawufi juu ya nafsi ya mwanadamu, na imani hiyo ndiyo hasa ambayo washairi wa Nairobi waliiacha.

Yafaa kwanza ieleweke Whitman alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mpiga chapa, kisha mwandishi wa magazeti, na hakupata elimu ya chuo. Mnamo Julai 1855, katika mji wa Brooklyn, alitoa kwa gharama zake kitabu kidogo kilichoitwa Leaves of Grass, chenye mashairi 12 yasiyokuwa na anwani. Jina lake halikuwamo katika ukurasa wa anwani. Palikuwa na picha yake tu, amevaa kama kibarua, shati wazi shingoni. Nakala hazikufika 800. Kwa miaka iliyobaki ya uhai wake aliendelea kukiongeza na kukipanga upya kitabu hicho hicho, hata toleo la mwisho la 1891-92. Mtindo wake ni wa mishororo mirefu inayopangwa kwa sambamba, kama Zaburi za Biblia ya Kiingereza, na wa orodha ndefu za watu na kazi zao: seremala, mvuvi, mtumwa mtoro, mwendawazimu, rais. Hakuna anayetangulia mwenzake kwa cheo. Huu ndio usawa ambao wasomaji wengi huuona kwanza, na wengi huishia hapo.

Lakini orodha peke yake si demokrasia. Hata daftari la mtoza kodi lina orodha. Kinachoifanya orodha ya Whitman iwe na maana ni nafsi inayoitaja. Nafsi hiyo hudai kuwa yenyewe ni kila mmoja wa hao inaowataja. Kwamba aliyejeruhiwa hahurumiwi kwa mbali, bali mwimbaji huwa yeye. Dai hili si la kisiasa. Ni dai la watu wa tasawufi, yaani wale watafutao kuondoa pazia kati ya nafsi na Nafsi Kuu. Chanzo chake kimoja chajulikana. Ralph Waldo Emerson, ambaye barua yake ya Julai 1855 ilikuwa sifa ya kwanza kubwa aliyoipata Whitman, alikuwa akiwasoma Hafidh na Saadi wa Uajemi kwa tafsiri za Kijerumani, na mwaka 1858 aliandika insha juu ya ushairi wa Kiajemi. Whitman mwenyewe, katika uzee wake, alitunga shairi fupi lililotoka 1891 kwa jina la "A Persian Lesson". Katika mswada lilikuwa limeitwa somo la Kisufii. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana budi kutabasamu kidogo hapa. Kile ambacho Wamarekani walikipata kwa kupitia Vienna na Boston, kikageuzwa lugha mara mbili, kilikuwa kikisomwa na kughaniwa Lamu na Pate kwa njia fupi zaidi.

Hoja ya Whitman, basi, ni hii: watu ni sawa kwa sababu kila mmoja ni mkubwa, na kila mmoja ni mkubwa kwa sababu nafsi yake haina mpaka. Demokrasia ni sura ya nje ya siri ya ndani. Katika insha yake ndefu ya 1871, Democratic Vistas, aliwashutumu Wamarekani wa zama zake kwa kuwa na kura na mali nyingi bila ya roho, na akawataka washairi wafanye kazi ambayo makasisi hawakuifanya.

Nguvu ya hoja hii ni dhahiri, na udhaifu wake ni dhahiri vilevile. Nafsi inayodai kuwa kila mtu haimwulizi mtu yeyote kama ameridhika kuwakilishwa. Katika shairi la 1856 ambalo baadaye liliitwa "Salut au Monde!", Whitman anazisalimu jamii zote za dunia. Mahali pamoja Mwafrika anasalimiwa kwa heshima kamili, kama ndugu aliye sawa na msemaji. Beti chache mbele watu wa kusini mwa bara hili hili wanatajwa kwa maneno ya dharau juu ya nywele zao, lugha yao na sura zao, ndipo wakumbatiwe. Na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861-65, ambamo aliwauguza majeruhi katika hospitali za Washington kwa huruma isiyo na shaka, alikuwa na mashaka juu ya haki ya watu weusi ya kupiga kura. Si haki kumhukumu mtu wa karne ile kwa vipimo vya leo tu. Lakini ni haki kuuliza iwapo kasoro hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja au ni kasoro ya nadharia yenyewe. Nafsi iliyokwisha kuwameza watu wote haina sababu ya kuwasikiliza. Langston Hughes, aliyempenda Whitman maisha yake yote, aliliona jambo hilo: shairi lake maarufu la miaka ya 1920, "I, Too", humjibu Whitman kwa kumweka mtu mweusi aseme mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa mashairi huru hulipita haraka. Mwaka ule ule wa 1855, mnamo Novemba, Henry Wadsworth Longfellow alitoa The Song of Hiawatha, utenzi mrefu wenye mizani iliyopangwa barabara. Makumi ya maelfu ya nakala yalinunuliwa katika muda wa miaka miwili. Umma wa Marekani ulikuwa na mshairi wa umma mbele yake, akiimba juu ya umma, bila ya mizani. Nao ukanunua mizani. Shairi moja tu la Whitman lilipendwa na watu wa kawaida wakati wa uhai wake, nalo ni lile la kumlilia Rais Lincoln aliyeuawa 1865, "O Captain! My Captain!". Lina vina na beti za kawaida. Mwenyewe alifika kuchoshwa na kuombwa alisome.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia katika habari hii, na inaingia kwa mlango wa Longfellow. Okot p'Bitek alikiri kuwa Hiawatha ni mojawapo ya vitabu vilivyomwonyesha njia ya kutunga wimbo mrefu. Song of Lawino ilichapishwa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1966, ikawa mfano wa mashairi huru kwa kizazi kizima cha waandishi. Lakini yafaa ukurasa wake wa mwanzo usomwe kwa makini. Pale Okot anaeleza kwa dhihaka yake ya kawaida kwamba mfasiri, ambaye ni yeye mwenyewe, ameuangamiza mdundo na ameviangamiza vina katika kuutoa wimbo huu katika Kiacholi. Wer pa Lawino, iliyotoka 1969 kwa wachapishaji hao hao, ilikuwa navyo. Kwa hiyo uhuru wa Song of Lawino haukuwa tangazo la demokrasia. Ulikuwa hasara ya tafsiri, ambayo wasomaji wa Kiingereza waliichukua kuwa ni mtindo.

Tofauti kubwa kati ya Okot na Whitman haiko, hata hivyo, katika mizani. Iko katika swali la nani anayesema. Mfano ulio wazi kabisa unapatikana katika Two Songs, kitabu kilichotoka Nairobi 1971 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya 1972. Whitman alikuwa na shairi fupi la 1860, "To a Common Prostitute", ambalo lilikuwa miongoni mwa yaliyowakasirisha wakuu wa sheria wa Boston mwaka 1882 hata mchapishaji akaacha kukitoa kitabu. Katika shairi hilo mwanamume anamwambia malaya kuwa hatamtenga. Anajifananisha na nguvu za maumbile zisizobagua, na anamwahidi kuja tena. Mwanamke hasemi neno. Amepewa usawa kama mtu apewavyo zawadi. Katika "Song of Malaya" ya Okot, malaya mwenyewe ndiye mwenye orodha. Yeye ndiye anayewakaribisha mabaharia, askari, machifu, wanafunzi na walimu wao. Yeye ndiye anayewakumbusha wanaomhukumu mchana kwamba walikuwa kwake usiku. Yeye ndiye anayewaita dada zake wa kila nchi. Orodha ya Whitman imegeuzwa: aliyekuwa kitu cha kutajwa amekuwa mtajaji, na usawa wa wanaume wote unapimwa mlangoni pake. Yaweza kujibiwa kuwa Okot naye ni mwanamume anayesema kwa kinywa cha mwanamke, tena mwanamke anayefurahia kazi yake kuliko inavyoelekea. Jibu hilo ni la kweli, na limefundishwa vyema na wahakiki wa kike. Halibatilishi, hata hivyo, kwamba umbo la wimbo linamtaka msikilizaji amsikilize mtu aliye tofauti na mtunzi.

Wimbo wa pili, "Song of Prisoner", ni mgumu zaidi na ni bora zaidi. Wasomaji wengi waliusoma ukiwa na kivuli cha mauaji ya Tom Mboya, aliyepigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katika Government Road, barabara ambayo sasa ni Moi Avenue, katikati ya mji. Msemaji wake yumo seluni, amepigwa, naye haeleweki ni nani: mara ni fukara aliyekamatwa kwa uzururaji, mara ni muuaji wa kiongozi, mara ni mkubwa aliyeanguka. Wako walioliona jambo hilo kuwa ni kosa la utunzi. Lakini hapa ndipo Okot anapomkaribia Whitman kuliko mahali pengine popote, na ndipo anapoachana naye kabisa. Nafsi moja ina watu wengi ndani yake, kama ilivyo kwa Whitman. Ila mipaka yake haikuvunjwa na ufunuo. Ilivunjwa na kirungu. Mtu aliyepigwa hata akasahau jina lake anaweza kuwa mtu yeyote, na hiyo ndiyo namna ya umoja wa raia ambayo serikali mpya ilikuwa imeifanikisha. Hakuna hakiki kali zaidi ya tasawufi ya kidemokrasia iliyoandikwa katika Afrika Mashariki, ingawa yamkini Okot hakuikusudia hivyo.

Wala haikuwa ajabu kwake. Katika African Religions in Western Scholarship (1970) na Religion of the Central Luo (1971), vitabu vilivyotolewa Nairobi na East African Literature Bureau, Okot alishikilia kuwa wamisionari na wataalamu waliwavika Waafrika Mungu Mkuu wa Kigiriki ambaye hawakuwa naye, na kwamba dini ya Waacholi ilihusu maradhi, mvua, uzazi na ukoo. Mtu mwenye msimamo huo hangeweza kuujenga usawa wa watu juu ya Nafsi Kuu. Lawino hadai haki yake kwa kuwa roho yake haina mpaka. Anaidai kwa kuwa ni mke aliyeolewa kwa mahari, binti wa watu wanaojulikana, na kwa kuwa wasikilizaji wake ni jamaa wanaoweza kumhukumu mumewe.

Washairi wengine wa mji huu wanaweza kutajwa kwa ufupi. Taban lo Liyong alirudi kutoka Marekani mwaka 1968 akiwa na shahada ya uandishi ya Iowa, na mwaka huo huo, tarehe 24 Oktoba, alishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba kutoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu ifutwe. Mashairi yake yana ujeuri wa Kimarekani, lakini nafsi yake hujigamba kwa kujitenga na watu, si kwa kuwakumbatia. Jared Angira, mwanafunzi wa biashara aliyekuwa mhariri wa jarida la Busara, alimtaja Pablo Neruda kuwa kiongozi wake pamoja na Marx. Na kwa kuwa Neruda alilikiri wazi deni lake kwa Whitman, hapa Whitman alifika Nairobi kwa kupitia Chile, akiwa amekwisha kuvuliwa tasawufi na kuvishwa utabaka.

Je, Kiswahili chenyewe? Wakati ule ule mitambo ya Nairobi ilikuwa ikichapa kazi ambazo watu wa mashairi huru hawakuzihesabu katika mjadala wa demokrasia. Mwaka 1972 Oxford University Press ilitoa tena Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kwa uhariri wa Hichens, na 1977 East African Literature Bureau ikatoa uhariri wa James de Vere Allen. Huu ni utenzi wa tasawufi ulio wazi, wa mtu anayeukemea moyo wake mbele ya magofu ya Pate. Nao una usawa ndani yake. Mabwana waliokaa katika majumba ya taa na vyombo vya Kichina wamelala udongoni kama watumwa wao, na popo wamerithi vyumba. Usawa wa Whitman ni wa kuwapandisha watu wote; usawa wa Al-Inkishafi ni wa kuwashusha wote. Kwa mtu aliye chini, usawa wa pili si bure hata kidogo, maana humnyima mkubwa udhuru wa kudumu. Lakini hauwezi kumwambia mtu afanye nini kesho asubuhi juu ya mkubwa aliye hai.

Kazi hiyo ilifanywa na Abdilatif Abdalla. Kwa waraka wa 1968 ulioitwa Kenya: Twendapi? alihukumiwa 1969 kifungo cha miaka mitatu, na sehemu ya kifungo hicho aliikaa Kamiti, kaskazini ya Nairobi, akitunga na kuandika juu ya karatasi za msalani. Sauti ya Dhiki ilitoka Nairobi 1973 na ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ni vigumu kuitaja diwani ya Kenya iliyoitetea haki ya raia kwa ujasiri zaidi, na ni vigumu vilevile kuitaja iliyoshika arudhi kwa uangalifu zaidi. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndugu wawili wanaugombea mnazi wa urithi, wakipokezana beti. Umbo la malumbano ndilo hoja yenyewe: kila mmoja ana mizani ile ile na vina vile vile kama mpinzani wake, hakuna anayeweza kumzidi mwenziwe sauti, na ubeti wa mmoja hauna maana bila ya jibu. Mnazi ukisomwa kuwa ni Kenya, kama ulivyosomwa, basi hapa pana bunge lililokuwa na adabu kuliko bunge lililomfunga mtunzi wake kinywa. Mapokeo haya ni ya tangu Muyaka bin Haji na Mombasa ya karne ya 19; hayakungoja mtu wa Brooklyn.

Yamkini mhadhiri wa University Way atapinga kuwa mkazo huu wa malumbano unaupuuza umati, na kwamba umati ndio Nairobi. Atataja maelfu wanaotembea kila asubuhi kutoka Kangemi na Kawangware kuelekea mjini, na atalikumbuka shairi la Whitman la 1856 juu ya kivuko cha Brooklyn, ambamo abiria wote, wa leo na wa karne zijazo, ni kitu kimoja. Mfano huo wapendeza, lakini hautoshi. Kivuko kiliwapakia wote pamoja. Katika Waiyaki Way wako wanaotembea pembezoni, wako walio ndani ya matatu, na tangu 2022 wako wanaopita juu ya nguzo za barabara ya kulipia inayoishia Westlands. Mshairi atakayedai kuwa yeye ni wote hao kwa pamoja atakuwa amesema jambo la uongo kwa lugha nzuri. Atakayewaweka wawili kati yao wajibizane huenda akasema la kweli.

Jambo hili lina uzito katika mitaala. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) ni cha kidemokrasia kwa sababu ya umbo lake, na kuwa Sauti ya Dhiki ni ya kimapokeo kwa sababu hiyo hiyo, amefundishwa kuangalia mahali pasipo na kitu. Kichomi ni kazi kubwa. Ukubwa wake umo katika upweke na mashaka ya msemaji wake, mambo ambayo si ya umma hata kidogo. Na anayetaka kujua umma wa Kiswahili hutunga kwa umbo gani afungue ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo. Atawakuta walimu wa shule za msingi, makarani na wafanya biashara ndogo ndogo, wakiulizana na kujibizana kwa vina vya kati na vya mwisho, bila ya kujua kuwa wao ni mabaki ya ukabaila.

Mwaka 1975 East African Publishing House ilitoa Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa. Iliwajia wasomaji wa Kiswahili katika umbo la mashairi huru, nao wakaipokea kuwa ni sauti ya kijiji cha Acholi kama ilivyo. Lawino wa Kiacholi, mwenye vina na mdundo wake, bado anangoja mfasiri wa Kiswahili anayejua lugha zote mbili na asiyeona haya kumtungia kwa mizani.